Likizo ya Kusini: Siku Moja na Wakwe Zetu Mtwara

Kwa familia nyingi za kwetu, neno likizo lina maana ya kwenda kijijini kusaidia mavuno au kuhudhuria arusi ya ndugu. Sisi tunaoishi Manchira, wilayani Serengeti, hata hilo hatuna, maana kijijini ndiko tuliko. Tunachokijua kuhusu utalii ni magari ya wageni yanayopita Mugumu kuelekea lango la Ikoma, kwenda kuangalia nyumbu katika hifadhi ambayo wengi wetu hatujaingia ingawa iko jirani. Kwa hiyo tulipowaambia akina mama wenzetu kanisani kwamba Juni 2025 tunakwenda likizo Mtwara, walicheka kwanza. Halafu wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alijua tunakwenda kwa nani.

Mpenzi msomaji, sisi ni wanawake watatu. Mmoja wetu ndiye aliyemzaa binti yetu, wa pili ni shangazi yake, na wa tatu ni mama yake wa ubatizo. Binti huyo alikwenda Mtwara kusomea ualimu, akakutana na kijana wa huko, mwalimu wa historia, wakapendana. Posa ilipoletwa, wazee wetu walitaja ng'ombe, kama ilivyo desturi ya sisi Wakurya. Upande wa kijana ukajibu kwa heshima kwamba kwao ng'ombe hawafugwi, ukatuma fedha. Wazee walizihesabu, wakaziweka, wakasema huo ni mwanzo wa mazungumzo. Ndoa ikafungwa kanisani hukohuko Mtwara mwaka 2023, baba akiwa ameridhia kwa simu, tena kwa shingo upande.

Tangu hapo, akitajwa binti huyu barazani lazima mzee mmoja aulize: ameolewa kwa ng'ombe wangapi? Mwaka huo wa 2025 swali likawa zito zaidi, kwa sababu binti alikuwa mja mzito wa miezi saba. Kwetu mtoto hufuata ng'ombe. Ng'ombe wasipofika, wako wazee wanaosema mtoto ni wa kwao mama yake, na hata mama mwenyewe anaweza kuambiwa arudi. Basi ikaamuliwa wanawake watangulie, wakaone anaishije, wale chakula cha watu hao, kisha walete neno. Nauli tulikuwa tumeitunza kwenye kibubu tangu Krismasi.

Safari yenyewe hatutaieleza sana. Ni siku tatu za basi, ukitoa ile sehemu ya Dodoma hadi Dar es Salaam ambayo tulipanda treni ya umeme, iliyoanza kazi 2024, na shangazi akakataa kulala humo akisema nauli yote ile hawezi kuimaliza kwa usingizi. Kutoka Dar es Salaam kwenda Kusini tulivuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, watu walivuka kwa kivuko, na masika yakishamiri Kusini ilikuwa kama imefungiwa mlango. Hata sasa mvua haijaacha kuionea njia hiyo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika sehemu za Kilwa, na wasafiri walikwama siku kadhaa.

Jambo moja la njiani lilitushangaza. Mkoani Lindi tuliona kundi kubwa la ng'ombe likichungwa kando ya barabara. Abiria mmoja akatueleza kwamba hao ni mifugo ya wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wakaletwa huku. Shangazi alishika dirisha kwa mikono miwili, akawaangalia mpaka walipopotea. "Kumbe wapo," akasema. Hakuongeza neno.

Tulipofika Mtwara usiku, mkwe wetu alitupokea kwa mbali. Hapa tuwaeleze wasomaji wa mikoa mingine. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawali mahali pamoja. Ni heshima, na anayeivunja huonekana hana malezi. Kijana alisimama nje ya uzio, akainama, akasalimu akiwa ameangalia mwembe. Mmoja wetu, yule mama mzazi, akajifunika khanga na kuitikia akiwa ameangalia mlango. Binti yetu alikuwa amemfundisha mumewe vizuri, tukaridhika. Lakini tukajiuliza moyoni: kesho tumepangiwa kutembezwa mjini, na mwenyeji wa kututembeza ni huyuhuyu. Itakuwaje?

Asubuhi tulikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha na vitumbua, kisha zikaja bajaji mbili. Ya kwanza ilikuwa yetu pamoja na binti. Ya pili alipanda mkwe peke yake, kama mheshimiwa. Tukaelekea Mikindani, mji wa kale ulio kiasi cha kilomita kumi kutoka Mtwara mjini, kwenye ghuba iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote.

Hapo ndipo tulipojua jinsi alivyolitatua jambo letu. Alitembea hatua kama kumi mbele, na kila alipofika penye kitu cha kuonwa alimgeukia mkewe na kusema kwa sauti ya darasani, sauti ya kufika dawati la nyuma: "Mke wangu, unaliona jengo lile jeupe pale mlimani?" Binti yetu, ambaye amelipita jengo hilo mara mia, anaitikia: "Naliona." "Lile ni Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Siku hizi limekarabatiwa na kugeuzwa hoteli." Nasi huku nyuma tumekwisha kusikia yote. Mtu hajasemeshwa na mtu, na adabu iko palepale.

Hivyo ndivyo tulivyotembea Mikindani nzima. Tulioneshwa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zenye vibaraza vya ghorofani na milango ya nakshi, nyingine zimebaki kuta na mti umeota ndani. Tulioneshwa jengo ambalo wenyeji wanaliita Soko la Watumwa, kwa maana Mikindani ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na ya watu waliotolewa bara na kuuzwa. Hapo hakuna aliyezungumza kwa muda. Mama wa ubatizo aliweka kiganja ukutani, akakiondoa.

Halafu tukasimama karibu na nyumba yenye ukumbusho wa Livingstone. "Mke wangu," sauti ikasikika, "Machi 1866 Livingstone alishuka katika ghuba hii, na kutoka hapa akaanza safari yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, akina Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874."

Shangazi, ambaye habari za wakubwa hazimtoshi asipojua habari za jikoni, akamuuliza binti: "Hebu muulize mume wako, miaka yote hiyo porini, nani alikuwa anawapikia?"

Binti akauliza. Mkwe akafikiri kidogo, akasema kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Halima. Ndiye aliyekuwa mpishi wa Livingstone katika miaka yake ya mwisho, na katika shajara yake mwenyewe Livingstone alimsifu sana na kuahidi kumpa nyumba na bustani Unguja. Halima alikuwamo katika msafara ule ulioleta maiti hadi pwani. "Na alipewa hiyo nyumba?" shangazi akauliza, safari hii akisahau kumpitia binti. Mkwe naye akasahau, akamjibu moja kwa moja kwamba hilo hakulifundishwa chuoni. Shangazi si mama mkwe, kwa hiyo hakuna lililoharibika, lakini wote wawili walirudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa saa nne hivi, maji ya bamvua yamekupwa, na ghuba yote imebaki tope na mawe. Wanawake walikuwa mbali kule majini, wameinama, wakiokota chaza na kuchokoa mashimo ya pweza kwa vijiti. Sisi ni watu wa Kanda ya Ziwa, na maji tunayoyajua yakiwa hapa leo, kesho yapo hapahapa. Kuona bahari imeondoka na wanawake wanalima mahali ilipokuwa kulitufanya tukae kwenye ngazi za jiwe na kuangalia tu.

Hapo tukaletewa kitu cha kwanza cha kula ambacho hatukukijua. Mama mmoja alikuwa na sinia kichwani, ndani yake vijizi vyembamba vimefungwa mafungu mafungu. Hiyo ndiyo ming'oko. Huoti shambani, huchimbwa porini wakati wa kiangazi, na kazi ya kuuchimba ni ngumu kwa kuwa mzizi huenda chini na kukatika ovyo. Unachemshwa kwa chumvi, unamenya ganda kwa vidole, unakula na pilipili. Ladha yake iko kati ya kiazi na kitu kingine ambacho hatukuweza kukipatia jina. Mama wa ubatizo alisema unafanana na kiazi kikuu kilichofunga siku arobaini. Tulikula mafungu sita. Wenyeji walitueleza kwamba miaka ya njaa ming'oko imeokoa nyumba nyingi za Kusini, na anayeijua sehemu yenye ming'oko mingi haimtangazi.

Kutoka Mikindani tulipanda kuelekea shamba la baba wa kijana, upande wa bara. Njia nzima ni mikorosho. Mti huu uliletwa na Wareno kutoka Brazil zamani sana, ukaizoea ardhi ya mchanga ya Kusini kama mtu aliyezaliwa hapo. Juni si msimu wa korosho. Mavuno huanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, lakini tulioneshwa miti iliyopaliliwa na iliyosubiri dawa ya ukungu. Binti alitufafanulia kwamba mkulima hauzi korosho zake popote apendapo. Anazipeleka chama cha msingi, zinawekwa ghalani, na zinauzwa kwa mnada kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007. Fedha huingia mara moja kwa mwaka, na bei ikianguka, mwaka mzima umeanguka.

Tulimwona shangazi anatembea polepole katikati ya miti huku midomo inacheza. Tukadhani anasali.

Tukiwa njiani kurudi, sauti ya bajaji ya mbele ilitufikia tena kupitia simu ya binti, ikieleza kwa nini mji ulihama kutoka Mikindani kwenda Mtwara. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha ule mradi wa karanga, 1947 hadi 1951, wakalima Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili kuzisafirisha karanga wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikupatikana kama walivyotarajia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ilibaki. Hadithi hii ilituchekesha kidogo, maana kwetu mkulima yeyote wa Manchira angewaambia kwamba ardhi huulizwa kwanza.

Nyumbani jiko lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mama wa kijana ni Mmakonde aliyezaliwa Newala, mwembamba, mchangamfu, anayesema maneno machache na kufanya kazi nyingi. Tulisema tunataka kusaidia, akatuambia: "Karibuni wakwe zangu. Basi mmoja wenu akae kwenye mbuzi." Sisi watu wa Mara tukitajiwa mbuzi tunatafuta kisu. Kumbe ni kile kigoda chenye meno ya chuma kwa mbele, cha kukunia nazi. Mama mzazi alikaa, akajaribu. Tunawaambia akina mama wa bara wasidharau kazi hii. Kifuu kinazungushwa taratibu chini ya kiganja, ukibonyeza sana unakuna na ganda, mchuzi unakuwa mweusi, na usipoangalia unakuna na kidole.

Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikakamuliwa kwenye kifumbu. Hilo la kwanza ni tui zito, linawekwa kando. Machicha yanatiwa maji tena, yanatoa tui la pili jepesi. Tui jepesi ndilo linalotangulia jikoni, kuivishia kisamvu, mbaazi na samaki. Tui zito linaingia mwishoni, na hapo mwiko hautoki mkononi, kwa sababu likichemka bila kukorogwa linakatika na kuwa kama maziwa yaliyoganda. Pweza alikuwa amekwisha kupigwapigwa tangu asubuhi ili alainike. Alichemshwa kwa maji yake mwenyewe kabla ya kutiwa kitunguu, nyanya, ndimu na tui.

Huku tukikuna na kukamua tulizungumza mambo ya maji. Mama wa kijana alitueleza kwamba Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ardhi ya mchanga isiyoshika maji, visima vya juu hakuna. Alipokuwa msichana walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani, wakifika nyumbani jua limekwisha kuwa kali. Mvua ikinyesha, kila chombo kilichomo ndani kinatolewa nje, hata kikombe. Nasi tukamweleza bwawa letu la Manchira, lililojengwa kuupatia maji mji wa Mugumu, na jinsi mtu anavyoweza kuishi karibu na bwawa na bado akabeba ndoo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tunadhani mazungumzo hayo ndiyo yaliyotufanya tumwite dada kuanzia hapo.

Chakula kilitandikwa mkekani barazani: wali wa nazi, ugali wa muhogo, samaki aina ya changu katika mchuzi, pweza, kisamvu na mbaazi. Ugali ule tuliufurahia kwa namna ya pekee, kwa kuwa udaga tunaujua. Baba wa kijana alikuwapo, na mjomba wake, kaka wa mama, mzee mwenye kofia ya ukili. Mkwe wetu alichukua sahani yake akaenda kukaa nje, nyuma ya mwembe, mgongo kwetu.

Mjomba aliona tunaangalia mabakuli yaliyofunikwa. "Mmeambiwa mtalishwa panya?" akauliza kwa upole. Hakuna aliyejibu, maana tulikuwa tumeambiwa. Akasema wapo wanaokula panya wa porini, na wanawaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, lakini mgeni halishwi asichokiomba. Halafu naye akauliza la kwake: je, ni kweli watu wa Mara wanakula nyama na majani yaliyotoka tumboni mwa ng'ombe? Shangazi akamweleza kichuri kama anavyostahili kuelezwa mtu mzima. Ni yale majimaji ya utumbo yenye uchungu wa nyongo, yanayochujwa na kuchemshwa, nyama ya kuchoma ikachovywa humo. Dawa ya tumbo na heshima ya mgeni. Mzee aliangalia sahani yake kwa muda. "Basi nikija kwenu," akasema, "nami sitakula nisichokiomba."

Ndipo mjomba akaingia katika jambo lililotupeleka. Kwa Wamakonde, akaeleza, ukoo hufuatwa upande wa mama. Yeye kama mjomba ndiye aliyesimamia ndoa ya kijana, baba yake alikaa kando. "Kwa hiyo mtoto atakayezaliwa," akasema, "kwa desturi yetu ni wa ukoo wa mama yake. Ni wenu."

"Na kwa desturi yetu," shangazi akajibu, "ng'ombe wasipofika, mtoto ni wetu vilevile."

Mzee akavua kofia. "Basi mmepata kote kote. Sisi tunahangaikia nini?"

Watu walicheka, hata baba wa kijana. Binti yetu hakucheka. Alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa, tumbo mbele, akaliweka chini. Alisema bila kupaza sauti: "Mnagawana mtoto kwa koo. Hakuna aliyemtaja baba yake. Naye yuko pale nje anakula peke yake kama mtu aliyefanya kosa."

Kicheko kilikatika. Mjomba alivaa kofia tena. Kwetu binti hasemi hivyo mbele ya wazee, na kwao pia tulihisi hivyo. Shangazi alifungua mdomo, akaufunga.

Yule mmoja wetu aliyemzaa akainuka. Alichukua sahani yake, akajifunika khanga vizuri hadi usoni, akatoka barazani. Tulidhani amekasirika na anakwenda chumbani. Akaenda mpaka kwenye mwembe, akakaa upande wa pili wa shina, mgongo wake kwenye mti, kama kijana alivyokuwa ameweka wake. Shina lile ni nene, linawakinga watu wawili kabisa. Hakumtazama, wala yeye hakumtazama. Wakala. Baada ya muda tukaona mkono wa kijana unaweka kipande cha pweza kwenye kifuniko cha bakuli na kukisukuma taratibu kuzunguka mzizi, na mkono wenye khanga unakichukua.

Sisi tuliobaki barazani tukaendelea kula, na hakuna aliyesema kitu mpaka maji ya kunawa yalipopita. Hilo la mwembe hatukuliweka katika yale ya kuwapelekea wazee.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Baba wa kijana alisema kwamba hawakukataa ng'ombe. Walichokosa ni namna ya kuwafikisha. Kumpandisha ng'ombe gari kutoka Kusini hadi Mara ni kumpeleka akafe njiani. Lakini korosho zikishauzwa mwisho wa mwaka, yeye na mjomba wanaweza kuja na fedha mkononi, wanunue ng'ombe hukohuko Mara mnadani, wawakabidhi wakiwa hai mbele ya wazee. Tukatazamana. Jambo la miaka miwili, na hakuna upande uliokuwa umelifikiria hilo, kwa sababu kila upande ulikuwa unapiga simu badala ya kula pamoja.

Jioni tulipelekwa Shangani, pwani ya mjini. Bahari iliyokuwa imeondoka asubuhi ilikuwa imerudi yote, imejaa mpaka karibu na miti. Watoto walikuwa wanaruka majini, vijana wanauza pweza wa kukaanga na pilipili. Mama wa ubatizo alivua viatu akaingia maji ya magoti, akayaonja, akatema, akaonja tena. Alituletea maji hayo kwenye chupa hadi Manchira, kwa ajili ya wajukuu wasioamini kwamba yana chumvi. Mkwe wetu alikuwa hatua kumi mbele, akimweleza mkewe mambo ya upepo wa kusi.

Usiku shangazi akapiga simu nyumbani. Aliweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Mmemwona?" mzee akauliza.

"Tumemwona. Amenenepa. Anaheshimiwa, na ulimi wake bado ni uleule."

"Wana ng'ombe?"

"Hawana. Wana mikorosho."

"Mingapi?"

"Mia moja na arobaini na tatu," shangazi akasema pale pale. Ndipo tulipojua shambani hakuwa akisali.

Kimya kilikuwa kirefu, tukadhani salio limekwisha. Tukasikia mzee anamwuliza mtu mwingine barazani korosho zinauzwaje kilo, na huyo mwingine anasema hajui, na wa tatu anadai anajua. Shangazi akawaeleza habari ya kuja mwisho wa mwaka na kununua ng'ombe mnadani. Kimya tena.

"Waambie waje," mzee akasema mwishowe. "Lakini wasiende mnadani bila sisi. Watu wa pwani hao, watauziwa mitamba iliyochoka."